Tuhamishe runinga, tusimhamishe mtoto

Kila mwaka bonasi ya majani chai inapolipwa, maduka ya vyombo vya umeme katika miji ya Kericho, Litein, Sotik na Bomet hufurika wanunuzi. Mkulima aliyepeleka majani yake kiwandani mwezi baada ya mwezi, iwe Mogogosiek au Kapset, Tirgaga au Momul, hupokea kwa mkupuo mmoja kile ambacho malipo ya kila mwezi hayawezi kumpa. Ni kweli kwamba wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamekuwa wakilalamika kuwa bonasi yao ni duni ikilinganishwa na ya wenzao wa mashariki, na kilio hicho kinastahili makala yake. Lakini ziwe nyingi au haba, fedha hizo hulipa karo, hununua mabati, na katika nyumba nyingi huleta runinga. Zamani ilikuwa ya kwanza. Siku hizi aghalabu ni ya pili, na hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mwenye runinga ya pili hukabiliwa mara moja na swali: picha itafikaje katika chumba kile kingine? King'amuzi kiko sebuleni, waya wa antena au wa dishi umeingilia sebuleni, na ukuta wa mawe hautobolewi kwa msumari. Hapo ndipo mwenye duka anapomtolea kifaa chenye vipande viwili, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kitabu kidogo. Kipande cha kwanza huunganishwa na king'amuzi, nacho hurusha picha na sauti hewani. Cha pili hukaa nyuma ya runinga ya chumba cha pili na kuzipokea. Baina yao hakuna waya. Mnunuzi hufurahi, hulipa, huenda zake, na jioni hiyo hiyo runinga ya pili huwekwa mahali ambapo, kwa maoni yangu, ni pabaya kuliko pote: chumba wanamolala watoto.

Chombo chenyewe sina ugomvi nacho. Nimekuwa mwalimu wa fizikia katika nyanda hizi za chai kwa muda wa kutosha kukiheshimu. Ugomvi wangu ni na desturi yetu ya kumhamisha mtoto kila anapogongana na runinga, ilhali sasa tunacho kifaa kinachoweza kuihamisha runinga yenyewe.

Hebu tutazame jinsi tulivyofika hapa. Televisheni ilianza kutangaza nchini Kenya mwaka 1962, na hadi KTN ilipoanza jijini Nairobi mwaka 1990, kituo kilikuwa kimoja tu, cha serikali. Katika miaka hiyo shida ya watu wa vijiji vya Konoin au Bureti ilikuwa kuiona runinga kwa macho, sembuse kuwa nazo mbili. Aliyebahatika kuwa na mbili hakuwa na tabu ya kupitisha picha kutoka chumba hadi chumba, kwa sababu kila runinga ya wakati huo ilikuwa na kipokezi chake tumboni. Uliichomekea antena, ukazungusha kitufe, ukapata ulichotaka. Kisha yakaja mageuzi ya dijitali. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulikuwa umeweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa matangazo ya analogi katika sehemu yetu ya ulimwengu, na mnamo Februari mwaka huo mitambo ya analogi ilipozimwa, NTV, KTN na Citizen zilitoweka hewani kwa muda wa majuma matatu hivi. Wasomaji wengi watakumbuka kimya kile. Tangu hapo runinga ya zamani ikawa kiwete asiyeweza kutembea bila mkongojo wake, king'amuzi. Na kwa kuwa king'amuzi kilikuwa kimoja, runinga ya pili ikabaki chumbani ikikodoa jicho jeusi.

Sasa tuingie sebuleni saa moja jioni. Katika nyumba nyingi za walimu, wakulima na wafanyakazi wa mashamba ya chai, sebule ndiyo yenye meza. Ndiyo yenye taa yenye mwanga wa kutosha na viti vya kuketi wima. Ndimo pia ilimo runinga. Taarifa ya habari kwa Kiswahili huanza saa moja. Ikiisha, kipindi cha mfululizo hufuata. Saa tatu habari hurudi kwa Kiingereza. Saa hizo mbili tatu ndizo hasa za mwanafunzi wa kutwa kufanya kazi aliyopewa na mwalimu wake, kwa maana kabla ya hapo alikuwa njiani, au akichota maji, au akikama ng'ombe.

Nani huhama? Sijaona nyumba ambamo baba alibeba kiti chake akatoka. Anayehama ni mtoto. Huambiwa aende jikoni, na jikoni kwa Wakipsigis wengi ni nyumba nyingine kando ya ile kubwa, yenye moshi wa kuni na vibuyu vya mursik, mahali pazuri pa kuota moto na kusimulia hadithi lakini pabaya kwa hesabu za aljebra. Au huambiwa akasomee kitandani, ambako baada ya kurasa mbili kitabu humfunika uso. Au hubaki pale pale mezani akiwa ameipa runinga kisogo, masikio yake yakiitumikia. Asubuhi mwalimu hukagua daftari, humkuta ameandika nusu ya kazi, na humwita mvivu.

Jambo hili lilikuwa la wachache zamani, wakati wanafunzi wengi wa sekondari walipokuwa katika shule za bweni wakisoma jioni chini ya macho ya kiranja. Tangu Januari 2023, Gredi ya 7 ya kwanza ilipoingia katika shule za sekondari msingi zilizowekwa ndani ya shule za msingi, watoto wa umri wa miaka kumi na miwili, mitatu na minne, wengi wao, hurudi nyumbani kila jioni. Jukumu la saa za jioni limetoka mikononi mwa shule likaangukia sebule. Sidhani kama sebule zetu ziliarifiwa.

Wala mtu asidhani ninaichukia runinga. Mwaka 2020 shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilipeleka masomo kwa redio na kwa idhaa yake ya runinga ya Edu. Madarasa ya mtihani yalirejea tarehe 12 Oktoba, na wengine wakangoja hadi Januari 2021. Katika miezi ile runinga ndiyo iliyokuwa ubao. Lakini wanafunzi walioniletea habari zao baadaye walikuwa na kilio kimoja: somo la kemia lilikuwa hewani, na mtu mzima alikuwa akitazama mambo mengine. Nyumba ilikuwa na kioo kimoja na wenye haja nacho walikuwa wawili. Kwa hiyo hata pale runinga ilipokuwa mwalimu, swali la nani ahame na aende wapi halikupata jibu.

Jibu lake ni la kifizikia, nami naomba radhi kwa wale walioyakimbia masomo ya sayansi, kwani hapa nitakaa kidogo.

Kila wimbi la redio lina urefu, na urefu huo ndio unaoamua tabia yake. Matangazo ya runinga ya dijitali yanayotufikia kwa antena yana urefu wa kati ya sentimita 43 na 64, ndiyo sababu vijiti vya antena ya juu ya paa vina ukubwa ule. Yale yanayotoka katika setilaiti kuja kwenye dishi ni mafupi mno, kama sentimita 2.5, nayo hunyongwa na matone ya mvua. Mkazi yeyote wa Kericho, mji unaojulikana ulimwenguni kwa mvua yake ya mawe, ameshuhudia picha ikivunjika vipande alasiri mawingu yanapofunga juu ya msitu wa Mau. Kifaa chetu cha chumba hadi chumba kwa kawaida hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yenye urefu wa sentimita 12.5. Wimbi hilo haliguswi na mvua ya nje, maana safari yake ni ya mita chache chini ya dari. Adui zake ni wengine.

Adui wa kwanza ni bati. Chuma hakipitishi wimbi, hulirudisha lilikotoka. Nyumba yenye kuta za mabati, au iliyogawanywa vyumba kwa mabati, ni gereza la mawimbi, na anayenunua kifaa hiki kwa nyumba ya namna hiyo ametupa pesa zake isipokuwa mlango ubaki wazi. Ukuta wa mbao hulipitisha bila shida. Ukuta wa tope hulipitisha ukiwa mkavu, lakini maji hunywa nguvu ya mawimbi, na katika nchi ambayo mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka ukuta wa tope haukauki sawasawa. Mawe na saruji yako katikati. Wauzaji hutaja mita 100, nao hawasemi uwongo. Wanasahau tu kuongeza kwamba ni katika uwanja mtupu. Kuta mbili za mawe zikiingia kati, hesabu inabadilika.

Adui wa pili ni msongamano. Masafa hayo ya 2.4 yameachwa wazi kwa kila mtu katika nchi nyingi, kwa hiyo yamejaa kama matatu za siku ya soko. Wi-Fi imo humo, simu nyingi zimo humo, visikizi visivyo na waya vimo humo. Hata jiko la mawimbi, lile la kupasha chakula moto, hufanya kazi karibu na hapo kabisa, na ingawa sanduku lake limezibwa, mvujo wake mdogo hutosha kuchora mistari juu ya uso wa mtangaza habari. Vifaa vya aina mpya zaidi hukimbilia gigahezi 5, kwenye nafasi kubwa, lakini wimbi hilo ni fupi na huchoka upesi ukutani.

Kuna mambo mawili ambayo mwenye duka huwa hasemi. La kwanza ni kwamba king'amuzi kimoja hutoa idhaa moja. Kifaa hupeleka chumba cha pili kile kile kinachoonyeshwa cha kwanza. Hakiwezi kumpa baba mpira na mama mchezo wa kuigiza kwa wakati mmoja. Rimoti ya kawaida nayo hutumia nuru isiyoonekana, na nuru haipenyi ukuta, hivyo vifaa hivi huwa na kijiredio kingine, aghalabu cha megahezi 433, cha kurudisha amri za rimoti sebuleni. Mwenye kukaa chumbani anaweza basi kubadilisha idhaa, na mwenye kukaa sebuleni akashangaa ni pepo gani limeingia. La pili ni kwamba vile vya analogi hurusha picha bila kuificha. Jirani mwenye kipokezi cha aina hiyo hiyo, akikichezeza kidogo, huona yote unayoyatazama. Nawaachia wazee wa kanisa walitafakari hilo.

Baada ya kusema hayo yote, mtu ataniuliza: kwa nini basi usihamishe king'amuzi chenyewe? Akiweza, na afanye hivyo. Fundi mwaminifu atakuambia kwamba waya ni bora kuliko hewa. Waya wa antena uliopitishwa juu ya dari hadi chumba cha pili hauogopi bati wala jiko la mawimbi, na hudumu. Runinga za siku hizi, tena, nyingi zina kipokezi cha dijitali ndani yake, hivyo antena ya pili peke yake yaweza kutosha mahali ambapo matangazo yanafika vizuri. Tatizo ni kwamba milima yetu ina mabonde, na aliye bondeni, matangazo ya antena humpita juu ya kichwa akabaki na dishi moja na king'amuzi kimoja. Tena sebule ina heshima zake. Jumapili wageni wakija hatuwezi kuwaketisha chumba cha kulala ili waone mpira. Hapo ndipo kifaa kisicho na waya kinapopata kazi yake halali: king'amuzi hubaki mahali pake, runinga ya sebuleni hubaki kwa ajili ya wageni, na siku za masomo jioni hiyo runinga huzimwa, picha ikatumwa chumba cha wazazi au kile chumba cha nyuma ambamo watu wazima wanaweza kukaa, kunywa chai yao na kubishana juu ya siasa wapendavyo. Meza hubaki na mwenye kuihitaji. Siku ile ambayo runinga ndiyo mwalimu, mambo hugeuzwa: mtoto huitazama sebuleni akiwa na daftari, na wazazi husubiri zamu yao.

Matangazo ya kibiashara ya vifaa hivi, hata hivyo, hupenda kuonyesha kinyume. Mtoto yuko kitandani, amekumbatia mto, anatazama katuni. Wazazi wako sebuleni, wametulia. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kimeshauri kwa miaka mingi kwamba runinga isiwekwe katika chumba anamolala mtoto. Wala hatuhitaji kwenda Marekani. Mwalimu wa somo la kwanza asubuhi anawajua wanafunzi wake kwa kope zao.

Najua pia kwamba hoja yangu inazungumza na wenye vyumba. Katika kambi za mashamba makubwa ya chai, zile nyumba za laini zilizopangwa mgongo kwa mgongo, familia nzima huweza kukaa katika chumba kimoja na jiko. Utamhamishia nani runinga, na wapi? Kumwambia mchuma chai aliyerudi na mgongo unaouma kwamba azime habari ili mwanawe asome ni rahisi kwa mwenye kuandika gazetini. Pale nina pendekezo dogo tu: kama picha haiwezi kuhama, sauti inaweza. Visikizi visivyo na waya hutumia mawimbi yale yale kuipeleka sauti masikioni mwa mtazamaji, na chumba kikabaki kimya. Mtoto akigeuza kiti chake aikabili dirisha, nusu ya adui imeondoka. Kumbi za burudani za kambi nazo zingefanya jema kubwa kama usiku wa siku za masomo zingegawanywa, runinga upande mmoja na meza za wasomaji upande mwingine wa ukuta. Kampuni zinazomiliki mashamba hayo zimebadilika sana katika miaka ya karibuni, mashamba yameuzwa kutoka mkono hadi mkono, lakini watoto wa laini ni wale wale na meza hawana.

Walimu wenzangu wa sayansi, hasa ninyi wa sekondari msingi, jambo hili liko mikononi mwenu kwa namna nyingine pia. Mawimbi ya sumakuumeme hufundishwa kwa mchoro wa ubaoni ambao mwanafunzi huukariri na kuusahau. Mwambieni alete rimoti ya nyumbani, aielekeze kwenye kamera ya simu na kubonyeza. Katika simu nyingi ataiona nuru ambayo jicho lake haliioni. Kisha azibe ncha ya rimoti kwa kiganja, kwa karatasi, kwa kioo, na kuandika lipi limepitisha. Halafu simu mbili: moja itoe Wi-Fi, nyingine ipokee, na darasa lipime jinsi nguvu inavyopungua nyuma ya ukuta wa mbao, wa mawe, na wa bati la bweni. Mtoto atakayefanya jaribio hilo Ijumaa ataweza kumweleza mzazi wake Jumamosi kwa nini kifaa cha dukani hakitafanya kazi katika nyumba yao, au kitafanya, na akiwekwe wapi. Nyumba ambayo ushauri wa kiufundi umetoka kwa mtoto huanza kumsikiliza hata anapoomba meza.

Nanyi wanafunzi, msiingoje bonasi. Ombeni saa moja na nusu kila jioni, iliyotajwa kwa saa, si "wakati wa kusoma" usiojulikana unapoanza wala kuisha. Mzazi hukubali kwa urahisi zaidi kuikosa runinga kwa muda anaoujua mwisho wake, na habari za saa tatu bado zitamkuta.

Kwa mzazi aliyekwisha kuamua kununua, nina ushauri wa mwisho. Hakikisha kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, kisha mwombe mwenye duka akuruhusu ukijaribu nyumbani kabla ya kumaliza kulipa, na ukijaribu jioni, majirani wote wakiwa wamewasha vyombo vyao, kwa maana hewa ya saa nne asubuhi dukani si hewa ya saa mbili usiku kwako. Weka kipokezi chumba cha mbali, mbali na jokofu na mabati, fungua sauti kwa kiasi mnachotumia, ufunge mlango. Kisha nenda sebuleni umuulize mtoto aliyeketi mezani kama anasikia kitu.